Lawama za mwimbaji huanzia kwa aliyechagua nota

Kwaya inaanza wimbo vizuri, inafika ubeti wa tatu imeshuka karibu nusu toni. Mwalimu anasimamisha, anasema watu hawasikilizi kinanda, anarudia ubeti, na kwaya inashuka tena palepale. Hapo hufuata maneno ya nidhamu, ya kuhudhuria mazoezi, ya kukaa wima. Ni nadra mtu kuichukua karatasi yenyewe akaiuliza: huyu wa sauti ya kwanza amepumzika wapi tangu wimbo uanze?

Dai langu ni kwamba makosa mengi tunayowabebesha waimbaji na wapigaji ala yalishafanyika siku nota zilipochaguliwa. Wimbo uliozidi kimo cha kwaya hauponywi na mazoezi. Mazoezi huuzoesha mwili njia za kuukwepa: koo linakazwa, kidevu kinanyanyuliwa, pumzi inaibwa katikati ya neno, na baada ya wiki kadhaa njia hizo zimekuwa tabia inayohamia hata kwenye nyimbo rahisi. Pamoja na uzito huo, uchaguzi hufanywa kwa sababu nyepesi kuliko zote: wimbo ni maarufu, kwaya fulani iliuimba ukapendeza, au mwalimu mwenyewe anautamani tangu zamani.

Hata anayejitahidi kuchagua kwa makini mara nyingi hutazama kitu kisicho sahihi. Anafungua ukurasa, anatafuta nota ya juu kabisa ya soprano, yaani sauti ya kwanza, akikuta ni G anatulia, kwa kuwa soprano wake wanaifikia. Lakini kuifikia nota na kuishi nayo ni mambo mawili. Chukua nyimbo mbili, zote zinaanzia C ya kati na kuishia G ya oktava inayofuata. Wa kwanza unatembea kati ya E na B, unapanda G mara moja tu kwenye kilele cha kiitikio, kisha unarudi chini. Wa pili unazunguka kati ya C ya juu (oktava moja juu ya C ya kati) na F kurasa mbili nzima, ukigusa G kila baada ya mstari. Ukipima kwa wigo, yaani umbali wa nota ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, nyimbo hizi ni sawa kabisa. Ukipima kwa koo la mtu, wa kwanza unaimbwa hata na kikundi cha wanaoanza, na wa pili utawashusha hata wazoefu. Wanamuziki huita jambo hili tesitura, yaani eneo ambalo sauti inakaa muda mwingi, na ndilo hasa linaloamua kama wimbo unafaa. Umaliziaji wa Simfonia ya 9 ya Beethoven, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1824, unaogopwa na soprano tangu hapo kwa sababu hiyohiyo: A ya juu si ajabu kwa soprano aliyefunzwa, ila kuishikilia kwa vipimo kadhaa (visehemu vya mapigo vinavyotengwa na mistari ya wima) mfululizo, kwa nguvu, baada ya kurasa nyingi za kupanda, ni mzigo wa aina nyingine.

Kuipima tesitura hakuhitaji elimu kubwa. Shika kalamu ya risasi, pitia mstari wa sauti moja peke yake, na kila nota iliyo C ya juu au zaidi iwekee alama. Kisha tazama alama zimerundikana wapi na zimeachana wapi. Zikiwa zimekaa makundi makundi, na katikati kuna nafasi ya kushuka na kuvuta pumzi, wimbo unapumua. Zikiwa zimejaa ukurasa mzima, umeshajua kwaya itashuka ubeti wa ngapi. Fanya hivyo kwa kila sauti, kila moja na mpaka wake. Teno, sauti ya juu ya wanaume, huchokeshwa na eneo la E, F na G juu ya C ya kati, ambako wengi wao hubadilisha namna ya kutoa sauti. Alto, sauti ya chini ya wanawake, wanaonewa kwa upande wa pili: mtunzi anawaweka chini kwenye A na G chini ya C ya kati, hawasikiki, halafu wanaambiwa wameimba kwa uvivu.

Ukishajua nota za juu ziko wapi, tazama zimewekewa silabi gani na zinafikiwa vipi. G inayofikiwa kwa kupanda ngazi moja moja juu ya "a" ni nota tofauti na G inayorukiwa kutoka chini juu ya "i" au "u", irabu zinazofunga mdomo wakati sauti inahitaji nafasi. Soprano anapofika juu sana, irabu zote huanza kuelekea "a" atake asitake, kwa hiyo neno linalobeba ujumbe mzito likiwekwa huko halitasikika. Hilo ni la kuangaliwa mezani, kabla mtu yeyote hajafungua kinywa.

Wavulana wanaovunja sauti wanahitaji neno lao. Katika miezi hiyo wigo wa kijana unaweza kupungua hata usifike oktava kamili, na mahali penyewe panahama. Kumpa mstari wa besi kwa kuwa amekuwa mrefu, au kumwacha alto kwa kuwa ndiko alikozoea, ni kumfundisha kwamba hawezi kuimba, na wengi huondoka kwenye muziki wakiwa na imani hiyo maisha yao yote. Nota zake ni zile zenye mstari mfupi wa katikati, nota tano au sita, hata ikibidi mwalimu aziandike kwa mkono.

Dawa ya kwanza ya tesitura ni kuhamisha ufunguo, yaani kupandisha au kushusha wimbo wote kwa pamoja, na waimbaji wamebahatika kwa hilo. Nyimbo za sauti moja na piano za akina Schubert na Schumann zimechapwa kwa miaka mingi katika vitabu vitatu vya nyimbo zilezile: sauti ya juu, ya kati na ya chini. Hakuna aibu yoyote kununua cha kati, na sipatani na walimu wanaosema ufunguo wa asili ndio pekee wenye heshima. Kwaya zinazosoma solfa, yaani nota za do, re, mi, zina uhuru mkubwa zaidi. Mfumo huu, ulioanzishwa Norwich na Sarah Ann Glover na kusambazwa na John Curwen katika karne ya 19, huandika uhusiano wa sauti badala ya kimo chake. Juu ya karatasi pameandikwa do ni nini, na mwongozaji akisema leo do ni F badala ya G, hakuna herufi hata moja inayobadilika kwenye mikono ya waimbaji.

Uhuru huo unaishia pale tarumbeta inapoingia chumbani, na hapa ndipo nimeona mazoezi mengi yakiharibika. Mpiga ala hana do inayohama. Ana vidole, na ala nyingi za kupuliza husomeka tofauti na zinavyosikika. Klarineti na tarumbeta za B flati (B iliyoshushwa nusu toni) zikisoma C, masikio yanasikia B flati, toni nzima chini. Saksafoni ya alto ikisoma C, inasikika E flati iliyo chini yake. Honi ya F inasikika F. Gitaa linasomwa kwa alama ya G inayowekwa mwanzoni mwa mstari wa nota (treble clef) na kusikika oktava nzima chini, sawa na teno anavyosoma. Kitabu kilichoandikwa "kwa sauti au ala yoyote" kikipewa mwimbaji, klarineti na saksafoni wakisoma ukurasa mmoja, kitatoa funguo tatu kwa wakati mmoja.

Sasa tuseme wimbo uko D meja, unawakalia waimbaji vizuri, na fidla wanaufurahia kwa kuwa nyuzi zao nne za wazi, zinazopigwa bila kubanwa na kidole, G, D, A na E, zote zimo ndani ya ufunguo huo. Mpe mpiga tarumbeta sehemu yake: atasoma E meja, sharpu nne (alama za kupandisha nota nusu toni). Mpe saksafoni ya alto: atasoma B meja, sharpu tano. Kama ni wanafunzi wa mwaka wa pili, nusu ya sharpu zitasahaulika na kila mtu atageuka kuwatazama. Pandisha wimbo nusu toni tu, uwe E flati meja, na tarumbeta anasoma F yenye flati moja, saksafoni anasoma C isiyo na alama hata moja. Ila sasa mtu wa fidla amepoteza nyuzi mbili za wazi, A na E, na soprano aliyekuwa anagusa F sharpu anagusa G. Hapa hakuna jibu moja. Anayechagua lazima aamue nani ana uwezo wa kubeba taabu, na kwa maoni yangu taabu apewe aliyezoea zaidi, hata kama ndiye mwenye sauti kubwa ya kulalamika.

Kuhusu viwango vya ugumu vinavyopigwa chapa kwenye majalada, ushauri wangu ni kuvisoma kwa tahadhari. Bodi za mitihani ya muziki kama ABRSM ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1889, hupanga vipande katika madaraja manane, na madaraja hayo yanasaidia sana kumpangia mwanafunzi njia. Yanachopima, hata hivyo, ni mtu mmoja kwenye chumba cha mtihani. Mpiga piano wa daraja la 5 anaweza kuwa hajawahi kumfuata mwimbaji anayechelewesha pumzi. Na urahisi wa nota chache hudanganya. Mozart aliandika sonata yake ya K. 545 mwaka 1788 na katika orodha yake mwenyewe akaiita ya wanaoanza. Vidole vya mtoto vinaimudu, lakini kila nota imebaki uchi. Hakuna kanyagio wala kishindo cha kufichia ngazi isiyo sawa. Kwaya nayo ni hivyo: wimbo wa polepole wa sauti nne, usio na ala, wenye nota ndefu, unaonekana mwepesi kwenye karatasi na ndio unaoshinda kwaya changa.

Kwa kikundi mimi hupima ugumu kwa sehemu moja tu, ile ya mtu dhaifu kuliko wote. Kama besi ni wawili na mmoja hasomi nota, wimbo wenye besi inayogawanyika mara mbili umeshakataliwa, hata kama soprano ni ishirini na wanaimba kama malaika. Wimbo wa sauti tatu, wanawake mbili na wanaume moja, ukiimbwa kwa ukamilifu una hadhi kubwa kuliko wa sauti nne ulio na tundu. Kwa wapuliza ala za shaba, hesabu mapumziko pamoja na nota. Midomo huchoka kabla ya vidole, na sehemu isiyo na vipimo vya kunyamaza itaanza kupasuka kabla ya ukurasa wa mwisho. Kwa piano, kumbuka mkono. Oktava moja ni takriban sentimita 16.5 kutoka katikati ya C moja hadi katikati ya C inayofuata, na kuna watu wazima wengi, wapigaji wazuri, wanaoifikia kwa shida. Kuwapa muziki wa Rachmaninoff, wenye nota za kupigwa pamoja kwa mkono mmoja zinazotanuka hadi nota ya kumi, ni kuwatafutia maumivu ya kiganja.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kwamba nota zilizochapwa zina mhariri, na mhariri ana maoni. Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua ni preludi (kipande kifupi cha kinanda) ya kwanza, C meja, ya kitabu cha Bach cha mwaka 1722, The Well-Tempered Clavier. Ina vipimo 35. Katika kipimo cha 22 besi iko F sharpu, na katika cha 23 imerukia A flati, mruko wa kushtua ambao Bach aliutaka. Baadaye Schwencke, mwanamuziki wa Hamburg, aliona pengo hapo akalijaza kwa kipimo chake, besi ikipita G ili safari iwe laini. Matoleo yaliyofuata, pamoja na lile la mpiga piano Czerny lililosambaa sana, yaliendelea kukichapa. Mtunzi Mfaransa Gounod alipoweka wimbo wake juu ya preludi hiyo mwaka 1853, alitumia nakala yenye kipimo hicho, na ndiyo maana Ave Maria inayoimbwa kwenye harusi na mazishi hadi leo ina kipimo kimoja kisichokuwa cha Bach. Mpiga kinanda akiwa na Bach safi na mwimbaji akiwa na Gounod, wataachana palepale, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake amekosea. Wote wawili wanasoma kilichoandikwa.

Waimbaji wanaojifunza wanakutana na jambo hilohilo kwenye mikusanyo ya nyimbo za Kiitaliano za karne ya 17 na 18, ambayo karibu kila mwalimu wa sauti huigawa. Nyingi zilipitia mikononi mwa mhariri Alessandro Parisotti mwishoni mwa karne ya 19. Nota za awali mara nyingi zilikuwa na sauti na besi tu. Yeye akaongeza piano nzito ya zama zake, alama za kuongeza na kupunguza nguvu, na mapambo. Se tu m'ami, uliosemwa kwa miaka mingi kuwa wa Pergolesi, unadhaniwa na wataalamu kuwa wa Parisotti mwenyewe. Sisemi mikusanyo hiyo itupwe. Inafundisha pumzi na mstari kwa uzuri. Lakini mwanafunzi anayepigwa kelele kwa kutoheshimu alama ya nguvu kwenye ukurasa huo anastahili kujua ni nani aliyeiweka.

Matoleo yanayoitwa Urtext yalizaliwa ili kuondoa tabaka hizo, na ukipata nafasi ya kuchagua, nunua hilo kwa kazi utakayokaa nayo miaka. Hayo nayo ni kazi ya uamuzi. Nota za mkono wa Bach za vipande vyake vya selo bila kusindikizwa zimepotea. Tunategemea nakala, mojawapo ya mkewe Anna Magdalena, ambayo mistari yake ya upinde haieleweki ianzie wapi na iishie wapi. Mhariri lazima aamue. Tofauti ni kwamba mhariri mwaminifu huandika mbele au nyuma ya kitabu alichoamua na kwa nini, na kurasa hizo chache ndizo nazisoma kwanza ninapopima kitabu.

Maneno ya wimbo yanataka ukali uleule. Nyimbo nyingi za kwaya tunazoziimba kwa Kiswahili zilitungiwa maneno ya lugha nyingine, na tafsiri zake huhukumiwa kwa maana peke yake. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara. Wimbo uliojengwa kwa maneno ya silabi moja moja, pigo zito mwishoni mwa mstari, humlazimisha mfasiri kuweka pigo hilo kwenye silabi yetu ya mwisho, na kwaya inaimba "Bwaná" na "mbinguní". Halafu, kwa kuwa maneno yetu ni marefu, nota moja ndefu hukatwa vipande vitatu vifupi, na wimbo uliokuwa unatiririka unakuwa wa kutembea kwa hatua fupi. Tafsiri ya namna hiyo naiweka kando hata kama muziki ni mzuri. Afadhali kuimba lugha ya asili baada ya kufundishwa matamshi, au kutafuta wimbo uliotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Nota za bure zimerahisisha mengi. Maktaba ya mtandaoni ya CPDL imekuwa ikikusanya nota za kwaya tangu 1998, na nyingine, IMSLP, imefanya hivyo kwa ala na waimbaji tangu 2006, kwa kazi ambazo hakimiliki yake imekwisha. Kiwango cha chini cha Mkataba wa Berne wa hakimiliki ni miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na nchi nyingi zimekwenda hadi 70. Mtunzi akiwa amekufa miaka mia mbili iliyopita, mpangaji wa sauti anaweza kuwa hai, na karatasi yake ina mwenyewe. Kupiga picha kitabu kizima kwa simu na kukisambaza kwenye kundi ni kumnyima mtu huyo jasho lake, na sioni namna ya kulipamba jambo hilo. Nota za kuchapwa na watu wa kujitolea pia zikaguliwe: zipige zote kwenye kinanda, sauti nne pamoja, kabla ya kuzigawa, maana alama moja ya sharpu iliyosahaulika kwenye alto itakula robo saa ya mazoezi.

Na ikiwa wimbo umeshachaguliwa na mwingine, au umelazimishwa na ratiba, bado anayeongoza ana kazi ya kuchagua ndani yake. Mozart alimwandikia baba yake mwaka 1778 kwamba alipenda wimbo umkae mwimbaji kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake, na alikuwa akizungumzia teno mzee aliyekuwa akimrekebishia nota. Mtunzi Händel alikwenda mbali zaidi. Katika Messiah, kazi yake kubwa ya kwaya na waimbaji pekee aliyoitunga mwaka 1741, wimbo wa But who may abide ulikuwa wa besi. Mwaka 1750 alipompata mwimbaji Guadagni, mwenye sauti ya alto na wepesi wa kushangaza, aliuandika upya na kumwekea sehemu ya kasi ambayo haikuwapo. Nyimbo nyingine za kazi hiyo zilihama kutoka sauti moja kwenda nyingine kufuatana na nani alikuwapo mwaka huo. Toleo lililohaririwa vizuri huzichapa njia hizo mbadala, mara nyingi kwenye kiambatisho cha nyuma, kila moja na ufunguo na sauti iliyokusudiwa, na mwongozaji mwenye besi dhaifu na alto imara atakuta huko wimbo wa kumfaa alto wake, kwa mkono wa mtunzi mwenyewe.